Watani Wawili Kwenye Chaneli Moja

Wewe mama hapo nyuma, uliyeanza kubetua midomo kabla mimi sijafungua wa kwangu, itulize. Najua unachowaza. Unawaza, huyu bibi wa darasa la nne, mambo ya redio ameyajulia wapi? Na wiki hii hii ulisimama mbele ya yule bwana wa gari lenye kipaza sauti, ukanunua dawa moja inayotibu meno, mgongo, mapenzi na mtihani wa mtoto. Ile uliiamini palepale, ukauliza kama kuna chupa kubwa zaidi. Mimi nikikuambia kuna redio inayoweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja, tena katika njia moja ileile ya hewani, unanibetulia midomo. Haya. Hiyo shaka yako iweke chini ya benchi, pamoja na hivyo viatu vinavyokubana. Utaichukua ukitoka.

Kulikuwa na barabara moja ya mlimani. Upande mmoja jiwe, upande wa pili korongo, katikati njia ya gari moja. Sisemi gari moja na pikipiki, nasema gari moja. Anayepanda akikutana na anayeshuka, mmoja lazima arudi nyuma, na kurudi nyuma kwenye kona zile, makalio ya lori yakining'inia hewani, ni jambo la kumfanya hata dereva mlevi akumbuke jina la mama yake.

Kwa hiyo watu wa pale waliweka vizuizi viwili, miti mirefu ya kunyanyua na kushusha, kimoja chini ya mlima na kimoja juu. Kila kizuizi kilipewa mzee wa kukilinda, na kila mzee akapewa redio ya mkononi, zile za kubonyeza kama za askari. Mnazijua. Unabonyeza kitufe cha ubavuni, unasema. Ukimaliza unaachia, unasikia. Redio zote mbili zilikuwa kwenye chaneli moja, yaani njia moja, kama barabara yenyewe. Ukiwa umebonyeza, njia umeishika wewe. Mwenzako hata akiwa anaungua moto na kupiga yowe, humsikii. Unasikia kimya kitupu.

Sasa, wazee hao wawili walikuwa watani. Makabila siwatajii, maana mmekaa hapa mchanganyiko na chai bado haijanywewa. Lakini watani wa jadi, watani wa kuzikana. Na mnaijua sheria ya utani: ukitaniwa, ujibu. Ukikosa jibu umelala, unatoa kuku.

Basi asubuhi, jua likiwa bado halijafika hata kwenye migomba, yule wa juu anabonyeza:

"Wewe wa bondeni! Umeamka, au nishuke na jeneza?"

Anaachia. Wa chini anabonyeza:

"Nimeamka. Nimeota umekufa, nikaingia kaburini mwako kulipima. Tumbo lako limegoma kuingia. Sasa hivi wanachimba la pili, la tumbo peke yake."

"Ukifa wewe hatutachimba kitu. Kwa urefu huo tutakukunja tu, tukuweke kwenye mtungi."

"Mtungi mtautoa wapi? Kwenu si mnakunywa kwa viganja?"

Na madereva waliokuwa kwenye foleni wanacheka mpaka wanashika usukani wasianguke. Mnaona ubaya hapo? Mimi sioni. Mtu asiyetaniwa na yeyote huwa anaoza taratibu kama kiazi kilichosahaulika chini ya kitanda. Ubaya ulianzia kwingine.

Mwanzoni walikuwa na utaratibu mzuri. Wa chini akisema, "Napandisha gari," alingoja mpaka wa juu ajibu, "Pandisha, huku nimefunga." Hapo ndipo anyanyue mti. Lakini kila jibu lilikuja na utani mgongoni, na kila utani ulidai jibu lake, na jibu lile nalo lina utani wake. Gari linangoja, dereva anapiga honi, abiria wanateremka kukojoa. Wazee wakaona wafupishe.

Wa juu akasema, "Mtani, tusichoshane. Wewe ukisema unapandisha, mimi nikinyamaza, jua nimekubali."

Wa chini akauliza, "Kama mwari anapoulizwa mume?"

"Hivyo hivyo. Kimya ni ndiyo."

Mmesikia walichokata? Utani hawakuugusa. Walichokata ni jibu. Na kwa muda mambo yalikwenda, maana mtu anaweza kufanya ujinga kwa muda mrefu sana kabla ujinga haujapata nafasi ya kumlipa.

Ikafika Jumamosi ya harusi. Bibi harusi alikuwa binti wa bondeni, bwana harusi mtu wa juu, na kanisa liko juu. Harusi yenyewe ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na msiba. Mara ya pili mjomba mmoja alinuna kwa sababu mbuzi wake wa mahari aliletwa akiwa na pembe moja, ikabidi mbuzi atafutwe mwingine na mjomba abembelezwe. Sasa hii ni ya tatu. Na mchungaji wa kule hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alikwisha sema: ndoa haifungwi gizani. Jua likiingia nyuma ya mlima sijawaona, navua joho, tutaonana msimu mwingine. Bibi harusi aliyasikia hayo, akasema neno moja tu wakati wanamvisha: "Nyumbani kwetu sirudi na gauni hili."

Lori likapambwa makuti na kanga. Bibi harusi mbele na dereva, mashangazi nyuma pamoja na tarumbeta mbili na ngoma. Nyuma yao gari la masufuria, nyuma ya hilo gari la wajomba, yule wa mbuzi akiwemo. Wakafika kwenye kizuizi cha chini wakiwa wamechelewa, kwa sababu shangazi mmoja alirudi kubadilisha kilemba. Siulizi ni nani kati yenu angefanya hivyo. Ninyi nyote mngefanya.

Na kule juu, wakati huohuo, kwenye kizuizi kulikuwa na lori la kabichi linataka kushuka.

Yule mzee wa chini alipoona harusi, akafurahi kama vile anaolewa yeye. Utani mpya alikuwa nao, ameutunga tangu alfajiri, unamwasha ulimini. Akabonyeza:

"Wewe wa juu! Bibi harusi anakuja! Mwambie shangazi yako aoge, leo watu watakula wakiwa wamekaa karibu naye! Napandisha magari matatu!"

Na mzee wa juu, palepale, sekunde ileile, naye kabonyeza:

"Wewe wa chini! Nakushushia lori la kabichi, leo mle mboga ya kweli, mmezoea majani ya uzio! Naliachia!"

Wakamaliza pamoja. Wakaachia pamoja. Kila mmoja akaweka redio sikioni.

Kimya.

Wa chini akatabasamu. Kimya ni ndiyo. Akanyanyua mti. Wa juu akatabasamu. Kimya ni ndiyo. Akanyanyua mti. Halafu ikawaingia, wote wawili, kwamba kimya kile ni zaidi ya ndiyo. Mtani ametaniwa na hana la kujibu! Amelala! Kila mmoja akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kudai kuku wake. Na ninyi mnajua kidole gumba cha mtu anayeshinda. Hakiachii.

Magari yakapanda, gari likashuka. Tarumbeta zinalia, mashangazi wanapiga vigelegele. Kwenye kona kali kuliko zote, ile ambayo hata mbuzi hupita amejibana jiweni, wakaonana uso kwa uso. Breki zikalia kuliko tarumbeta. Malori yakasimama pua kwa pua. Hapakubaki nafasi ya kupitisha sinia la wali.

"Rudi nyuma!" akapiga kelele dereva wa harusi. "Mimi nimepewa njia!"

"Umepewa na nani? Mimi ndiye niliyepewa!"

"Huoni nimebeba bibi harusi?"

"Na mimi nimebeba kabichi! Zinaoza hizi!"

"Kwani bibi harusi haozi?"

Shangazi mmoja akachungulia kutoka juu ya makuti. "Ataoza, akikaa hapa na ninyi wawili!"

Kabichi haiwezi kurudi mlimani kinyumenyume na mzigo ule, matairi yanachimba tu. Harusi haiwezi kurudi chini, nyuma yake kuna masufuria, na nyuma ya masufuria kuna wajomba. Wajomba wakateremka, kila mmoja anaelekeza kwa mikono yote miwili, kila mmoja upande wake. Jua linashuka. Jua halina mtani, halingoji mtu ajibu.

Bibi harusi akafungua mlango wa lori.

"Kaa!" mashangazi wakamkemea. "Bibi harusi hakanyagi ardhi leo!"

"Sawa, shangazi. Basi nibebeni."

Mashangazi wakatazamana. Wakautazama mlima. Wakamtazama bibi harusi, ambaye mwezi mzima uliopita walikuwa wakimlisha mtori wenyewe kwa mikono yao ili anenepe.

"Nilijua," akasema. Akavua viatu, akalikunja gauni akalifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kupalilia, akajibana kati ya jiwe na lori la kabichi, akapanda mlima.

Alipofika kwenye kizuizi cha juu alimkuta yule mzee amekaa juu ya jiwe, redio mdomoni, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Ngoja kidogo, kuna mtu nammalizia."

"Unammalizia nani?"

"Mtani wangu wa chini. Leo nimempata! Tangu muda ule nasema peke yangu, hana hata neno la kujitetea. Amelala kama gogo. Sasa nadai kuku wa tatu."

"Babu, magari yako yamebusiana kwenye kona."

"Haiwezekani. Nilimwambia naachia, akanyamaza."

"Kidole, babu."

"Kidole gani?"

Bibi harusi aliushika ule mkono wa mzee, akakibandua kidole gumba kwenye kitufe kama unavyobandua kupe kwa ng'ombe. Na redio palepale ikafumuka:

"...na wa nne awe kuku wa mayai! Si jogoo, wa mayai! Leo umenyamaza, mnene wewe! Umelala! Kaburi la tumbo ninalifukia mwenyewe!"

Mzee akaitazama ile redio kama mtu aliyesikia kuku wake akimwita jina.

"Huyu anasema nini?"

"Anasema hayohayo unayosema wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza wewe."

Na unafikiri mzee alifanya nini? Alishika kichwa? Alikimbilia kwenye kona kuona kama watu ni wazima? Aliinyakua redio abonyeze amjibu! Bibi harusi akaificha nyuma ya mgongo. Wakangoja. Yule wa chini alisema mpaka pumzi ikamwishia, na alipoachia kitufe ili avute hewa, bibi harusi akabonyeza.

"Babu wa chini, shikamoo. Ni mimi bibi harusi. Hapo ulipo, usijibu kitu, nisikilize. Nenda kwenye kona. Mwambie gari la wajomba lirudi kwanza, kisha masufuria, kisha lori. Usinyanyue mti mpaka usikie sauti ya mtu ikikuambia nyanyua. Kimya si sauti ya mtu. Umenielewa? Sasa jibu."

Redio ikakwaruza kidogo. "Nimekuelewa, mwanangu," ikasema, kwa unyonge kidogo. Halafu, "Na huyo mnene yuko hapo?"

Bibi harusi akairudisha redio kwa mwenyewe, akaenda zake kanisani kwa miguu.

Mchungaji alikuwa ameshavua mkono mmoja wa joho. Akauvaa tena. Bwana harusi akaitazama miguu ya bibi harusi, udongo mwekundu mpaka magotini, na nadhani siku hiyo ndipo alipojua sawasawa anamwoa nani. Ndoa ikafungwa mwanga ungalipo. Masufuria yalifika baadaye yakiwa vichwani mwa mashangazi, magari yakiwa bado yanarudi chini kinyumenyume, pilau limepoa, na dereva wa kabichi, kwa aibu yake, akaja nyuma yao na kabichi za kutosha kijiji kizima. Watu wakala, wakacheza mpaka hata yule mjomba akapatana na mbuzi.

Mngependa mfano uishie hapo, sivyo? Kwa vigelegele. Hauishii hapo.

Baada ya harusi kijiji kiliwaita wale wazee wawili kwenye mkutano. Wakaja pamoja, wamesimama bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza maishani mwao wakasema neno moja: kosa ni la redio. Ingekuwa redio ya maana, wakasema, ingetuwezesha kusikia huku tunasema. Kijiji kikamwita fundi wa redio, dada mmoja kijana aliyesomea mambo hayo, wakamwuliza: kuna kitu kama hicho?

"Kipo," akasema.

"Chaneli moja ileile? Unasema na kusikia pamoja?"

"Ileile. Shida yake ni moja, wazee wangu. Sauti yako mwenyewe, pale sikioni mwa redio yako, ni kama ngoma ya kanisa. Sauti ya mwenzako aliye mbali ni kama mbu. Utamsikiaje mbu ukiwa ndani ya ngoma? Ndiyo maana redio hizi mlizo nazo, mdomo ukifunguka, sikio linafungwa. Zile nyingine hazifungi sikio. Kwanza zinajifunza sauti yao zenyewe, inavyotoka, na inavyogonga jiwe la mlima na kurudi. Zikishaijua vizuri, basi katika kila kinachoingia sikioni zinaondoa kilicho chao. Kinachobaki ni cha mwenzako."

Wazee wakatazamana. Na wewe wa nyuma unatazama hivyohivyo, nakuona. Unabisha tena? Ngoja nikuulize. Ukiwa unatwanga kisamvu kwenye kinu, na mtoto mchanga amelala ndani, akilia humsikii? Unamsikia. Kinu kinapiga kelele kuliko mtoto mara ngapi? Lakini unamsikia, na mchi hujaushusha. Kwa nini? Kwa sababu twi, twi, twi unaijua kuwa ni yako. Mkono wako ndio unaoipiga. Sikio lako linaiondoa lenyewe bila kuambiwa, na kinachobaki ni mtoto. Mumeo aliyekaa barazani ndiye hasikii kitu, yeye anaambiwa na majirani.

Basi redio mpya zikaletwa. Asubuhi jua halijafika kwenye migomba, yule wa juu akaanza, "Wewe wa bondeni..." na kabla hajamaliza akasikia mwenzake anapumua. Akasikia anacheka. Akasikia jibu linaingia katikati ya maneno yake mwenyewe. Magari yakapanda, magari yakashuka, hakuna lililokutana na lenzake. Kila kitu kikaenda kama kilivyotakiwa.

Haukupita muda wazee wote wawili wakamfuata yule fundi, redio mikononi, wakaziweka mezani.

"Zina kasoro?" akauliza fundi.

"Hazina," akasema wa chini.

"Hazisikiki?"

"Zinasikika mno," akasema wa juu. "Mimi nikitania, nasikia anacheka wapi na wapi hacheki. Miaka yote sikujua. Utani wangu mwingine, dada yangu, kumbe si mzuri."

"Na kuku hakuna tena," akasema wa chini. "Hakuna anayelala."

"Kwa hiyo mnataka niwape nini?"

Yule wa juu akazisukuma zile redio upande wa fundi. "Turudishie zile za zamani. Zile tulikuwa tunashinda wote wawili."

Mnacheka. Chekeni kabisa, mkimaliza mniambie barabara imepanuka? Barabara ni ileile, ya gari moja. Na wenye kizuizi ni sisi.

Nani kati yetu hajasema, "Jana nilimwambia mume wangu mpaka akakosa la kusema"? Hakukosa la kusema, mama. Alisema. Kidole chako kilikuwa wapi? Nani hajasema, "Yule mkamwana wangu siku hizi ana adabu, nikizungumza hajibu"? Unadai kuku kwa watu ambao hujawasikia hata siku moja.

Na tukipiga magoti ndio tunabonyeza kwelikweli. Tunampa Mungu habari za jirani kama vile Mungu amehamia mkoa mwingine. Tunamwambia la kufanya na lini alifanye, na kama atashindwa tunamwonyesha na njia. Kisha amina, tunainuka, tunapangusa magoti, tunasema, "Nimeliombea, naona amani, hajanikataza." Angekukatazia wapi? Ulimpa nafasi ya sinia la wali?

Sijasema mnyamaze. Watu wanaowaambia wanawake wanyamaze wapo wengi, hawahitaji msaada wangu. Anayetwanga atwange, wageni watakula nini? Ombeni, semeni, taniani. Ninachosema ni kwamba uijue sauti yako. Hasira yako ikigonga ukuta ikakurudia, usiipokee kama ujumbe kutoka mbinguni. Siku utakapotaka kutuambia, "Mungu amenionyesha," kaa kwanza, uondoe humo kile ulichokuwa unakitaka tangu juzi. Ondoa na unachokiogopa. Kikibaki kitu, hicho kisikilize, hicho ni cha mwenzako. Kisipobaki kitu, basi ulikuwa unajisikiliza mwenyewe. Na msiombe masikio kama mtakwenda kuyarudisha kesho kwa sababu mmesikia utani wenu si mzuri.

Nina moja tu limebaki, na Mama Eliwaza usiitazame dari, dari haina kitu. Binti wa kaka yako, huyo mwenye birika, ameulizwa habari za mchumba. Hakujibu. Wazee wamesema kimya ni ndiyo, na wewe umeshachagua kitenge, tumekiona wote, cha njano. Nakuuliza mbele ya wenzako, bila ugomvi: ule muda binti alipokuwa kimya, ni nani aliyekuwa anaongea? Ulizeni wote waliokuwepo. Mimi nilikuwepo. Kulikuwa na shangazi watatu na mjomba, na hapakuwa na upenyo hata wa kupitisha kikohozi. Labda alikuwa anasema ndiyo. Labda. Mwenye kujua ni nani?

Nakijwa, mwanangu, weka hilo birika chini. Chai hawafi wakiikosa. Njoo ukae hapa nilipokuwa mimi. Hakuna atakayekuuliza kitu. Ukitaka kusema, utasema, na usipotaka, hawa watakaa na wewe mpaka wajue kimya chako ni cha namna gani. Mama Eliwaza, wewe kaa karibu yake, mikono juu ya mapaja.

Sala ya kufunga hakuna, msinitolee macho. Mimi natoka, na mlango huu naufunga kwa nje.